Mwambie Mutua asinunue zile dawa

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Kwako dada yangu Mwikali,

Salamu nyingi, na pole tena. Barua yako nimeisoma mara tatu tangu Ijumaa. Imeniuma kusikia kwamba hata baada ya kumzika Mzee, aliyeondoka kwa saratani ya ini, wapo wanaonong'ona kuwa alikuwa akinywa chang'aa kwa siri. Nimemjua baba yako tangu tukiwa kidato cha kwanza, na pombe hakuionja.

Sasa hili la ndugu yako Mutua. Unasema amesikia saratani ya ini huletwa na bakteria, na anataka kuwanunulia nyote antibiotiki msafishe tumbo. Tafadhali mzuie. Alichosikia kina mzizi wake, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maabara moja ya Frederick, Maryland, kule Marekani, panya weupe walikutwa na uvimbe kwenye ini. Walikuwa panya wa kulinganishia tu, hawakuwa wamepewa dawa wala sumu yoyote. Vipande vya ini vilipotiwa rangi yenye madini ya fedha, vikaonekana vijidudu vyembamba vilivyojipinda, vimejibanza katika vijia vya nyongo. Mimi kazini hutia vipande kama hivyo rangi kila siku, na nikimfikiria aliyeinamia darubini siku ile mwili hunisisimka. Mwaka 1994 bakteria hao walipewa jina la Helicobacter hepaticus. Ni jamaa ya Helicobacter pylori, yule wa vidonda vya tumbo, ambaye mwaka huohuo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, lilimtaja kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Kisha mwaka 2010 mtafiti James Fox na wenzake wa Massachusetts wakaonyesha jambo lililonikumbusha kwenu Makueni. Panya waliopewa aflatoksini, sumu ya kuvu ya mahindi, walipata uvimbe zaidi wakiwa na bakteria hao utumboni, ingawa bakteria wenyewe hawakufika kwenye ini. Sehemu kubwa ya damu inayoingia kwenye ini hutoka utumboni, kwa hiyo vurugu za huko chini ini huzisikia.

Hao ni panya, Mwikali. Kwa watu, vinasaba vya bakteria wa ukoo huo vimepatikana katika ini la baadhi ya wagonjwa, lakini anayekutwa ndani ya nyumba iliyobomoka si lazima awe ndiye aliyeibomoa. Huenda waliingia baada ya ini kuharibika. Hakuna daktari anayetoa antibiotiki ili kuzuia saratani ya ini. Mutua ataua bakteria wanaomsaidia na kuwazoesha dawa wale wabaya.

Nililotaka kukwambia hasa liko kwenye ile karatasi ya hospitali uliyonipigia picha. Mstari wa nne kutoka chini, kwa maandishi madogo, inasema Mzee alikuwa na virusi vya hepataitisi B, vinavyoshambulia ini. Mliipokea, mkaikunja, na hakuna aliyekaa nanyi chini akawaeleza. Hilo limenikasirisha mno. Virusi hivyo hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na vikikutana na mahindi yenye kuvu, hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi. Unakumbuka 2004, watu 125 walipokufa huko kwenu Ukambani na wilaya jirani kwa ajili ya sumu hiyo hiyo ya kuvu.

Virusi hivyo huweza kuambukizwa ndani ya familia, kwa hiyo Mama, wewe, Mutua na wadogo zenu mpimwe damu. Chanjo hii ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2001, sisi wakubwa ilitupita. Asiye na virusi atachomwa sindano tatu ndani ya miezi sita. Atakayekutwa navyo kuna dawa za kuvituliza, na ini lake litafuatiliwa.

Na lile gunia la mahindi lililolowa mvua, lililo chini ya kitanda cha Mama, msichambue punje nzuri mkala; tupeni lote. Punje yenye ukijani mtaiona, lakini sumu yenyewe haionekani, na kupika hakuiondoi. Kuku pia wasipewe.

Jumamosi niko zamu ya asubuhi, natoka saa saba. Njooni na Mutua, nitawapokea kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus hapa Nairobi niwapeleke kupimwa mwenyewe. Mje na ile karatasi.

Wako,
Akinyi