YAH: KUFUNGIWA KWA NGUVU MITA NDOGO YA LIPA KWANZA, NYUMBA YA MWANGA, KIGOMA

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa adabu niliyofundishwa na mama yule yule ambaye fundi wenu alimwambia, mbele ya wajukuu zake, kwamba umeme si sadaka.

Ninyi mnatuuzia umeme vyumbani kupitia mita zenu ndogo za lipa kwanza. Jumanne saa nne asubuhi, mama yangu mwenye miaka 74, asiyeona vizuri na anayejidunga insulini kila siku, alikuwa chumbani na watoto wawili tu. Fundi aliingia, akauchomoa waya wa chumba kwenye LUKU yake, yaani mita yake ya lipa kwanza ya TANESCO, shirika la umeme, akauunganisha kwenye mita yenu, kisha akamtaka aweke dole gumba kwenye karatasi. Mama alimwomba asubiri nirudi kutoka Kibirizi. Jibu likawa hilo la sadaka.

Kwenye LUKU yake, mama alikuwa mteja wa matumizi madogo, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ambaye uniti moja humgharimu shilingi 100 kabla ya kodi. Shilingi 5,000 zilimpa karibu uniti 40. Ninyi mmeviunganisha vyumba vyote 11 kwenye mita moja kubwa, unafuu huo ukapotea, kisha mnatuuzia uniti moja kwa shilingi 500 na kukata asilimia 40 ya kila malipo kufidia "deni la mita". Shilingi 5,000 zile zile sasa zinampa uniti 6. Bei ya umeme nchini hupangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Sijui ninyi mlipewa lini kazi hiyo.

Jumamosi usiku uniti ziliisha na friji likazima. Nilipiga simu yenu mara nne bila kupokelewa, nikazifunga chupa za insulini kwenye mfuko na kuzitumbukiza katika chungu cha maji, kwa joto hili la Kigoma mnalolijua.

Narudi kwenye ile karatasi, kwa sababu ndipo uchungu wangu ulipo. Mama alipouliza imeandikwa nini, fundi alisema ni ya kukiri kupokea mita. Alimshika mkono mtu mzima asiyeona maandishi, akamgandamiza kidole kwenye wino, na mjukuu wa miaka tisa anasema bibi alikuwa akiuvuta mkono wake. Nilipoisoma jioni, ilikuwa ni kukubali deni la shilingi 86,000. Halafu akaambiwa umeme si sadaka, yeye ambaye hajawahi kuchelewesha kodi ya chumba hata mwezi mmoja.

Naomba waya wa mama urudishwe kwenye LUKU yake ndani ya siku saba na karatasi ile ifutwe. Naomba pia fedha zote mlizomkata zirejeshwe. Nilikusudia kuishia hapo, lakini kadiri ninavyoandika naona haitoshi: fundi yule aje na meneja wake, amwombe mama radhi mbele ya wajukuu wale wale, na vyumba vingine 10 virudishiwe mita zao pia. Siku ya nane malalamiko haya yatakuwa EWURA, na suala la dole gumba litakuwa polisi. Karatasi ninayo mimi, na mtoto aliyeona yupo.

Wako,
Mpangaji, chumba namba 6

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa