Kwa vijana wa vikundi vya miti Shinyanga: someni mteremko kwanza

Wajukuu zangu,

Nimeona mashimo yenu. Yamenyooka kutoka kwenye majabali hadi mbugani, na kote mnataka kutia mche wa aina moja. Kwa picha yanapendeza sana. Kwa miti, sina hakika.

Mvua ya juu na ya chini ni ileile. Udongo ndio unaoamua itakwenda wapi. Huko juu kuna luseni, mchanga mnaouita maskini. Maji huzama upesi hadi kina ambacho jua halikifikii, na mizizi huyafuata hukohuko. Ndiyo maana miti mirefu iko juu.

Huko chini mbugani udongo mweusi hunywa maji mengi, lakini huyaweka karibu na uso, jua likayachukua, na yanayobaki huyang'ang'ania mizizi ikakosa. Kiangazi hupasuka hadi mkono ukazama kufikia kiwiko, mizizi michanga ikakatika. Mvua zikirudi, huvimba na maji kutuama. Hapo hustahimili nyasi, na ile migunga mifupi yenye vinundu vyeusi wanamoishi sisimizi.

Baina ya hizo mbili kuna itogolo, na ndiyo inayonitia wasiwasi. Mchanga wake ni kiasi tu, chini yake pagumu kama sakafu. Mche utachangamka, mtashangilia, kisha mizizi igonge pale na mti udumae. Wazee walichimba majaluba ya mpunga hapo kwa kuwa maji hayazami.

Wasukuma walizijua aina hizi na kuzipa majina zamani. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, aliueleza mfuatano wa namna hii katika miaka ya 1930 akauita katena, na wataalamu wa udongo wanalitumia jina hilo hadi leo.

Basi kabla ya kupanda, chimbeni shimo la majaribio la kina cha goti katika kila sehemu, mmwage ndoo ya maji, mrudi kesho yake. Yakiwa bado yamesimama, msipande mti wa mizizi mirefu hapo. Mbugani waachieni ng'ombe na dengu.

Penye visiki vilivyo hai, msipande kitu. Fungeni eneo, mifugo isiingie, vichipue vyenyewe. Ngitili nyingi, yaani maeneo ya malisho na miti yanayofungwa ili yapumzike, zilirudi hivyo wakati wa HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986.

Miche itakayobaki nileteeni. Kwangu ni luseni.

Babu yenu,
Kishapu