Uhasibu nao uwe wa wanachama

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu uchumi ambao wafanyakazi wenyewe wanauendesha. Wengi tunatazama kura na katiba, tunausahau uhasibu. Fungua taarifa ya mapato na matumizi ya kampuni: mshahara umeandikwa kwenye gharama, kitu cha kubanwa, gawio la mwenye hisa linatoka kwenye faida. Mto uliochafuliwa hauna hata mstari.

Si lazima iwe hivyo. Katika ushirika wa Mondragon, Hispania, ulioanza mwaka 1956, kila mfanyakazi mwanachama ana akaunti yake ya mtaji, na sehemu ya faida inayobaki huingizwa humo.

Vyama vya ushirika viwafundishe wanachama kusoma mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya chama, na hesabu zibandikwe ukutani siku kadhaa kabla ya mkutano mkuu, zisisomwe harakaharaka watu wakiwa wameshachoka.

Msomaji wako