Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujailipia Hiyo Klarineti

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mama yako amesharudi kutoka Morogoro na bibi anaendelea vizuri, anakuulizia kila siku.

Picha ulizonitumia za klarineti, hiyo ala ya kupuliza unayotaka kuinunua, nimezikuza kwenye simu, nikazirudia tena na tena, nikaona afadhali nikuandikie kirefu ili uweze kusoma ukiwa umesimama mbele ya muuzaji. Anataka pauni 650 na anasema ni Boosey & Hawkes 1010, yaani modeli namba 1010 ya kampuni hiyo ya Uingereza. Inawezekana anasema kweli. Lakini picha zako hazijalithibitisha hilo, na mtoto anayejilipia chumba huko ugenini hatoi hela hiyo kwa maneno ya mdomoni.

Jina lililo kwenye ile sehemu ya chini iliyopanuka lisikuamulie kitu. Sehemu hiyo haina kibonyezo hata kimoja, inachomoka kwa kuzungusha mkono, na ndiyo inayohamishwa kirahisi kutoka klarineti moja kwenda nyingine. Bendini tulikuwa tunaazimana ilimradi gwaride liende. Kwa hiyo soma kiwiliwili. Kipande cha juu na kipande cha chini kila kimoja kina namba ya kiwandani iliyogongwa kwenye mti. Namba zikifanana, vipande hivyo vilitoka kiwandani pamoja. Zikitofautiana, kuna klarineti mbili zilizokufa ikatengenezwa moja, na bei lazima ishuke sana hata kama inalia vizuri. Picha yako ya tatu inaonyesha namba ya juu. Ya chini imezibwa na kidole chake. Simwazii mabaya, ila mwombe akigeuze kile kipande cha chini.

Kuhusu umri, jina lenyewe linasaidia. Boosey & Co. na Hawkes & Son yalikuwa makampuni mawili mpaka yalipoungana mwaka 1930. Ukikuta majina yote mawili pamoja, ni ya 1930 au baadaye. Ukikuta Hawkes & Son peke yake, kwa kawaida ni ya zamani zaidi, na hapo uwe macho. Bendi za jeshi la Uingereza zilipiga kwa sauti ya juu, noti ya A ikiwa takriban hezi 452 (mitetemo kwa sekunde), mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati leo tunapiga 440. Klarineti za aina hiyo ni fupi kidogo na nyingine zimegongwa herufi HP, yaani "High Pitch", sauti ya juu. Ni nzuri kwa macho, lakini ukikaa nayo na wenzako mtagombana kila noti, na hakuna fundi wa kuirekebisha. Hata ukipewa bure, iweke ukutani. Hesabu pia duara zinazozunguka matundu ya vidole: mfumo wa Boehm, yaani mpangilio wa vibonyezo unaoujua wewe, una duara 6 na vibonyezo 17. Ukiona duara chache kuliko hizo, huenda ni ule mfumo wa zamani wa Albert, na vidole vyako itabidi vianze darasa la kwanza.

Sasa hiyo 1010. Boosey & Hawkes walitengeneza klarineti za madaraja mengi. Regent ilikuwa ya wanafunzi, na shule za Uingereza zilijaa hizo. Edgware ni ya mti, lakini nayo ni ya mwanafunzi aliyesogea kidogo. 926 Imperial na 1010 ndizo za wapigaji wa kazi. Jack Brymer, aliyekuwa mpigaji mkuu wa klarineti wa okestra ya Royal Philharmonic ya London, alipiga 1010. Tofauti yake haiko kwenye nembo, iko kwenye tundu la ndani, lile bomba linalopita katikati ya kiwiliwili. Tundu la 1010 ni pana, milimita 15.2 hivi. Klarineti za Kifaransa za ukoo wa Buffet R13, iliyotoka mwaka 1955, huwa milimita 14.6 na ushei. Nusu milimita tu, lakini ndiyo inayotoa ile sauti nene, iliyojaa, ambayo nilikuwa naisikia redioni nikiwa kijana nikaacha kila nilichokuwa nafanya. Fundi akipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, ncha ya chini ya kipande cha juu, atakupa jibu dakika hiyo hiyo, na hakuna nembo inayoweza kubishana na kalipa.

Kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. Tundu hilo pana linadai kipulizio chake, kile kipande cha mdomoni, chenye tundu pana vilevile. Ukichomeka kipulizio chako cha Kifaransa, noti za koo, zile za katikati, na za juu zitakwenda njia tofauti, na wewe utadhani midomo yako imeharibika. Muulize kama kipulizio cha asili kipo kwenye sanduku. Kikiwepo, kikague ncha kwa kidole, taratibu, maana ncha iliyomeguka inaharibu kila kitu. Kisipokuwepo, punguza bei, kwa sababu kukipata kingine kinachofaa ni kazi.

Mti wake, kama ni 1010 kweli, ni mpingo. Unaota huku kwetu Kilwa, Lindi na Mtwara, na ng'ambo ya Ruvuma Msumbiji, unachukua miongo mingi kukomaa, na ni mzito kiasi kwamba gogo lake huzama majini. Chungulia ndani ya tundu kwenye mwanga: mti utaonyesha nyuzi zake. Ebonaiti, ule mpira mgumu, haina nyuzi, na ikizeeka hugeuka rangi ya kahawia au kijani na ukiisugua inanuka kiberiti. Plastiki haitakusumbua, utaijua kwa wepesi wake.

Mpingo una adui mmoja mkubwa, nao ni kupasuka. Mpigaji anapuliza pumzi ya joto yenye unyevu ndani, huku nje chumba cha Ulaya kikiwa kimekauka kwa hita. Ufa huanzia mara nyingi juu ya kipande cha juu, ukielekea kwenye yale matundu mawili madogo ya pembeni. Pitisha ukucha polepole hapo. Jicho linadanganywa na mafuta na rangi nyeusi, ukucha haudanganywi. Ukikuta ufa ulioshonwa kwa pini za chuma na kuzibwa vizuri, usikimbie. Nimepiga klarineti ya namna hiyo miaka mingi bila kunisaliti. Ila ni sababu halali ya kupunguza bei. Ufa ulioingia ndani ya tundu la noti na haujatengenezwa, mrudishie sanduku lake.

Kisha ziba matundu ya kipande cha juu kwa vidole, ziba ncha ya chini kwa kiganja, vuta hewa kwa mdomo uone kama inashika. Isiposhika, pedi, vile vitambaa laini vinavyoziba matundu chini ya vibonyezo, zimekwisha. Kubadilisha pedi zote kwa fundi wa huko ni pauni 200 na zaidi, na hela hiyo uitoe kwenye bei anayotaja, si mfukoni mwako baadaye. Usilinganishe na bei watu wanazoandika kwenye matangazo. Tazama zile zilizokwisha kuuzwa.

Kama unataka kujua historia yake, makumbusho ya Horniman, London, yalichukua mwaka 2004 ala na kumbukumbu za Boosey & Hawkes. Waandikie uwape namba. Na kuileta nyumbani Desemba usiogope: mpingo uliwekewa masharti ya kibali kimataifa mwaka 2017, lakini ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo mwishoni mwa 2019.

Ushauri wangu: namba zikifanana, kalipa ikitoa 15.2, na kipulizio chake kipo, anza na pauni 400 na usivuke 450 kama pedi ni za kubadilisha. Kimoja kikikosekana na bei haishuki zaidi ya hapo, iache. Buffet ya mwanafunzi iliyotunzwa itakupeleka mbali kuliko 1010 yenye maswali. Nenda na mwalimu wako, apige yeye wewe usikilize ukiwa umesimama mbali.

Nitumie picha ya namba ya chini na ya tundu la ndani kabla hujatoa hata senti. Mama anasema usisahau koti.

Baba yako akupendaye