Yakhe, nitafutie sili za Vespa

Mwanakwerekwe, Unguja

Yakhe Salum,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anauliza ile dawa ya mgongo utaituma au unangoja aje kuichukua mwenyewe. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Simu zako niliziona, lakini jambo hili kwa simu halielezeki. Ndiyo kwanza mtu unafika kwenye kabureta, salio limekwisha.

Nimeinunua ile Vespa. Ndiyo, hiyo hiyo ya Mkunazini, iliyokuwa chini ya ngazi kwa kina Mwinyi, kuku wanalala juu ya siti. Usianze maneno. Nilikwenda na tochi na bisibisi, nikalala chini kabisa, nikaigonga sakafu yake kutoka mbele mpaka kwenye breki ya mguu. Hewa yetu hii ya chumvi unaijua, Vespa huozea chini huku juu inang'ara. Hii imekwaruzika kote lakini rangi ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na ndiyo maana nikaiamini. Ile nyekundu ya Fuoni uliyoitamani wewe niliipitishia sumaku ubavuni, haikushika: puti tupu, ule udongo wa kuzibia matundu, bati limebaki jina. Namba ya chesisi ya hii inaanza na VLX1T, ya injini VLX1M, na kadi inasema hivyo hivyo. PX 150 ya Italia, basi. Si kwamba nazidharau za India, Chetak ya marehemu babu ilitubeba sote watatu hadi Bwejuu na mkungu wa ndizi juu yake.

Sasa sikiliza taabu yenyewe.

Inawaka. Kiki ya pili, ya tatu, inawaka. Lakini moshi, yakhe! Mweupe, mzito, unajaza uchochoro mzima. Bi Zuwena alifunga madirisha, kisha akafungua moja ili apate kunitukana vizuri. Na si moshi tu: ukiachia resi, injini haishuki. Inabaki juu inalia peke yake mpaka uizime.

Makame akasema ringi, zile pete za pistoni. Wewe unamjua Makame, hata friji ya mama aliisingizia ringi. Alitaka afungue juu siku ile ile, tununue pistoni, silinda ipelekwe kuchongwa. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikafungua nati ya chini, nikamwaga oili ya gia. Injini ile inachukua mililita 250 za oili namba 30. Iliyotoka haikujaa vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo vya barazani, tena inanuka petroli. Haya, iliyobaki imekwenda wapi, na chini ya chombo hakuna hata tone? Ringi hainywi oili ya gia. Ni sili, ule mpira wa kuzuia oili na hewa, ya krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, upande wa klachi: imekwisha, injini inaivuta oili ya gia na kuichoma, ndiyo moshi ule, na petroli nayo inapenya kurudi kwa tundu lile lile. Na resi isiyoshuka ni sili ya upande wa pili, chini ya magineti, lile gurudumu la sumaku linalotoa umeme wa plagi. Ile inaingiza hewa. Plagi nimeichomoa, nyeupe pe. Nikiiendesha hivi hivi, mchanganyiko hauna petroli ya kutosha, pistoni itapata moto na kujamu, nami nimo katikati ya barabara ya Chukwani na lori nyuma yangu.

Makame alinyamaza, akamaliza chai yake, kisha akasema, "Na ringi pia."

Basi ombi langu ndilo hili. Nenda Kariakoo, kwa wale wa spea za zamani, unitafutie hizo sili mbili. Hazifanani, usikubali akupe mbili za saizi moja. Usikubali pia neno "hii inaingia tu". Kila kitu kinaingia ukikipiga nyundo. Zilizochakaa siwezi kukutumia sasa, maana ile ya magineti naweza kuitoa kwa nje, lakini ya klachi lazima injini ipasuliwe katikati, nami sipasui mpaka niwe na mpya mkononi. Mwambie ni PX 150 ya krankshafti ya kawaida, na kama anazo za mpira wa viton, chukua hizo hata zikiwa ghali, zinastahimili petroli na joto. Na seti ya gasketi. Na waya wa klachi, kama bado una subira.

Kinachoninyima usingizi lakini si sili. Kwenye injini hii hakuna vali. Krankshafti yenyewe inapozunguka ndiyo inayofungua na kufunga njia ya petroli, kwa kupita karibu kabisa na uso wa kesi, nyumba ya injini. Kama mchanga ulishaingia na kuukwaruza uso ule, basi. Silinda inachongwa, pistoni inanunuliwa, ila kesi iliyoliwa pale hata Makame haisingizii ringi. Na hutajua mpaka upasue. Wenye nyumba wanasema iliendeshwa na mtu mmoja tu, kwenda msikitini na kurudi. Wote husema hivyo.

Mwinyi anataka niipake bluu bahari niikodishe kwa watalii. Hapana. Rangi yake inabaki, kutu nitaisugua na kuipaka mafuta, basi. Kitu kikishapakwa mara moja, hakuna tena wa kujua kilikuwaje. Mke wangu yeye kashapanga nani atapanda nyuma na nani atabaki.

Nilikuwa sijui, kumbe mhandisi aliyeibuni Vespa ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 1946, Corradino D'Ascanio, alikuwa mtu wa helikopta na pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Ndiyo maana akaifunika injini, akaondoa cheni, akaacha nafasi ya miguu mbele, tairi unaifungua kwa nati kutoka pembeni. Hakumfikiria mtu wa Mji Mkongwe, lakini niambie chombo gani kingine unakipanda na kanzu ya Ijumaa ukafika haina oili?

Ama hilo dude lako, pikipiki ya injekta inayopuliza petroli kwa kompyuta badala ya kabureta, sitaki tugombane. Najua linapima hewa lenyewe, na ukipanda mlima halibanwi kama kabureta. Lakini siku likiugua unalipeleka kwa kijana mwenye kompyuta, na kijana anakwambia kilichoandikwa kwenye kompyuta. Sie kisiwani mlima hatuna, jeti, kile kitundu cha petroli cha kabureta, ikikaa imekaa.

Narudi kwenye sili, usisahau: mbili, tofauti. Pesa nitakurushia ukishaniambia bei, na mzigo mpe Mwinyi, Alhamisi anavuka na boti ya jioni.

Vipi, Iringa ulikwenda? Dude lilipanda mlima Kitonga na mizigo yote ile, au ulimshusha Khadija atembee? ABS, ile breki isiyoacha tairi lifunge, imekusaidia kitu kwenye vumbi au unaizima? Ile Boxer yako ya zamani umeshaiuza kweli, na kwa nani? Na Rashidi bado anakudai ile helmeti? Huyo fundi wa Kariakoo aliyekuwa na injini ya Vespa Sprint juu ya kabati, yupo bado, au duka kamwachia mwanawe? Maana kama yupo, anza kwake.

Nijibu kabla ya Jumatano. Jumatano Makame anakuja na spana zake, nisipokuwa na habari ya sili atafungua juu.

Wako,
Abdalla