Kaka, kuhusu lile neno "tu"

Mbukwa, kaka.

Nimeona kwenye kundi la ukoo kwamba fundi wa marumaru ya mnara wa kumbukumbu ya ukoo amepatikana na michango inakwenda vizuri. Mimi sijachanga. Shemeji amepiga simu mara mbili kuuliza kama nimenuna. Nitachanga, lakini kwanza soma haya. Nayaandika hadharani kwa sababu na wewe neno lako ulilisema hadharani, tena kwenye kipaza sauti.

Unalijua. Usiku wa tatu wa matanga ya bibi ulisoma historia ya ukoo: baba yake babu alivyochukuliwa upagazi mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alivyobebeshwa mizigo ya Waingereza, na jina la Kariakoo lilivyotokana na kikosi chao cha wapagazi. Ulisoma vizuri, hata watoto walitulia. Shangazi akauliza kutoka mkekani, "Na mama zao?" Ukacheka. "Hao walikuwa wanasaga tu." Turubai zima likacheka nawe, ukaingia kwenye orodha ya rambirambi. Shangazi akarudi kuchambua mchele wake.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tulihesabu hilo "tu".

Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali van Deventer liliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma walibomoa madaraja ya Reli ya Kati, kwa hiyo chakula kikahamia vichwani mwa watu. Posho ya mpagazi kwenye karatasi ilikuwa ratili mbili hivi za unga kwa siku, tuseme kilo moja. Mzigo wake ni kama kilo 25. Akibeba unga na kula humohumo, siku ya 25 ana gunia tupu na bado hajageuza kurudi. Ndiyo maana jeshi lilikula vijijini lilikopita. Wajerumani walichukua kwanza, Waingereza wakaja kuchukua kilichobaki, nafaka na ng'ombe na wanaume.

Sasa chukua msafara mdogo wa watu mia. Wanataka kilo 100 za unga kwa siku. Mtama ukikobolewa, kama sehemu moja ya tano inaondoka kuwa pumba, kwa hiyo unahitaji kilo 125 za punje. Unazinyunyizia maji kidogo, unaziacha zinywe, kisha unatwanga kwenye kinu ganda litoke. Maji yakizidi, punje inapondeka pamoja na ganda lake. Yakipungua, punje zinaruka nje na ganda linabaki palepale. Unapepeta, unaanika, ndipo unafika kwenye jiwe. Unapiga magoti, jiwe kubwa limeinama kidogo kwenda mbele, lile dogo unalisukuma kwa uzito wa mgongo. Anayesukuma kwa mikono mitupu mabega yanamwisha kabla ya kilo ya pili. Mara ya kwanza unavunja, mara ya pili unalainisha. Mzoefu hutoa kama kilo moja kwa saa, akijikaza sana moja na nusu. Kilo 100 ni wanawake kumi kwa saa kumi, hakuna aliyesimama kunyonyesha, na hapo kutwanga bado sijakuhesabia. Kuni sijahesabu. Maji sijahesabu, na Julai huku kwetu Ugogo, Dodoma, maji yanafukuliwa kwenye mchanga wa korongo: unachimba shimo mpaka kiunoni, unapanua mdomo wake kingo zisikuporomokee, unakaa kungoja yajichuje, unateka kwa kata. Wanyama wa jeshi wakitangulia kupita hapo, unaanza shimo jingine.

Utasema wangesaga mapema wakaweka akiba. Kwa uwele haiwezekani. Punje yake ina mafuta mengi. Ikiwa nzima kwenye kihenge, imechanganywa na majivu ili wadudu wasiiguse, inakaa miaka. Ukishaisaga, siku chache tu unga unachacha na kuwa mchungu. Kwa hiyo uwele husagwa unapoliwa, na msafara ukitokea jioni, usiku huo halali mtu.

Halafu ulisema wapagazi wengi walikufa kwa "magonjwa", ukapita haraka. Rudi hapo, kaka. Wengi walikufa kwa kuharisha, na sababu mojawapo ilikuwa chakula chenyewe: unga wa mahindi wa chenga chenga, wenye maganda, kwa watu ambao tumbo lao lilizoea uwele na mtama, umepikwa nusunusu kwa sababu walifika usiku, kuni zimelowa, sufuria moja wanaigombea. Chenga zinataka kuchemka muda mrefu kabla hujaanza kusonga, la sivyo zinakwenda kukwaruza utumbo. Kusaga laini na kuivisha sawasawa ndiko kulikokuwa kunawaweka hai wanaume wale walipokuwa nyumbani. Walipotolewa kwenye kazi ya hao waliokuwa "wanasaga tu", walikufa njiani.

Na jiwe lenyewe linachoka. Uso ukishateleza, punje zinakimbia badala ya kuvunjika. Hapo unaligongagonga kwa jiwe gumu zaidi, lile jeupe linalometa la milimani, mpaka likwaruze tena. Kisha unasagia konzi mbili tatu za pumba na kuzitupa, ili mchanga usiingie kwenye ugali. Asiyejua hatua hiyo hulipa kwa meno. Jiwe la bibi, alilopewa na mama mkwe wake, limelika katikati kwa kina cha vidole vinne. Hicho ndicho kitabu pekee alichotuachia yule mama.

Nawe ulilitegemezea jenereta la muziki.

Najua hukukusudia. Ni wewe uliyelipia jeneza, ni wewe uliyemsomesha yule mdogo wetu bila kusemasema, na shangazi akiumwa wa kwanza kupigiwa simu ni wewe. Nisingehangaika kumwandikia mtu ninayemdharau. Lakini oili ilimwagika, na mawe yetu haya yananywa. Nimelichemshia maji, nikapaka majivu, nikasagia pumba kavu mara sita na kuzitupa, harufu bado ipo. Itabidi uso wote ugongwe upya, kidogo kidogo. Aliyeuliza kwenye kundi "nani kaiba jiwe la bibi" ajue liko kwangu, sikuliiba. Lilikuwa uani, linanuka oili, na fundi wako ameshasema msingi wa mnara unataka mawe.

Kuna jambo moja halimo kabisa kwenye historia yako. Umeandika "njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920" ukaishia hapo, kana kwamba ni mvua tu zilizogoma. Mvua ziligoma kweli, lakini vihenge vilikuwa vimeshafagiliwa. Inakadiriwa kwamba Ugogo ilipoteza watu kama 30,000, karibu mmoja katika watano. Sasa fikiria mbegu. Ekari moja ya uwele inataka kama kilo mbili za mbegu, ya mtama kama nne. Kilo mbili mpagazi anazimaliza kwa siku mbili. Kwa hiyo kila kibuyu cha mbegu kilichochukuliwa kulisha msafara kilikuwa ekari nzima isiyopandwa Desemba. Mbegu ni kazi ya nani kwetu? Nani anayetembea shambani kabla ya mavuno kuchagua masuke, akayaning'iniza juu ya moshi wa jiko, akapukuchua, akatia majivu, akaziba mdomo wa kibuyu kwa kinyesi cha ng'ombe? Watoto wanalia njaa, na wewe una kilo mbili zilizofichwa ambazo hutakiwi kuzipika. Ekari za waliobaki zilianzia kwenye vibuyu hivyo. Katika hayo yote niambie ipi ni ya "tu".

Usidhani nataka babu afutwe. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwenye vita hiyo, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mdai babu yako, nakuunga mkono. Ila hata kwenye hesabu hiyo ya waliosahauliwa, mama zao hawamo. Ile Sanamu ya Askari ya Dar, ya mwaka 1927, ni mwanamume na bunduki. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, wanaweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shada la maua. Mchi sijauona.

Kwa hiyo kuhusu maandishi ya mnara. Usiweke "na wake zao". Weka jina la kila mama lililopatikana, na mbele yake kazi: alisaga, aliteka, alihifadhi mbegu. Majina shangazi anayo yote, lakini ukimuuliza "bibi zetu walifanya nini vitani" atakujibu hawakwenda vitani. Muulize unga ulitoka wapi. Muulize mbegu ya mwaka uliofuata ilitoka wapi. Uliza asubuhi, mkiwa mnafanya kazi ya mikono, simu ikiwa mfukoni.

Ukija mwezi wa saba, pitia kwangu kabla ya kwenda kwa fundi. Uwele nitakuwa nimeshaukoboa na kuuanika, na jiwe litakuwa limegongwa. Utasaga kilo moja. Shangazi atakaa pembeni na saa. Maneno ya kwenye marumaru tutayaandika ukishainuka.