Shukrani kwa mama wa jeti ya Mokowe

Mama yangu wa buibui na kikapu cha kaimati, shikamoo. Jina lako silijui. Asubuhi ile nilitoka zamu ya usiku, mtoto analia, na mtihani wangu wa uongozi wa huduma za afya ulikuwa karibu kufungwa. Ulimpokea mwanangu, ukambembeleza, nami nikajibu kwa simu maswali ya bajeti ya dawa na kupanga zamu za wauguzi. (Zamu nazijua, bajeti ndiyo iliyonitoa jasho!) Boti za kwenda Amu, yaani kisiwani Lamu, zilijaa zikaondoka, nawe hukupanda hata moja. Uliponirudishia mtoto alikuwa amelala. Ukasema tu, "Mungu akusahilishie, mwanangu." Ahsante sana, mama. Nimefaulu. Ukisomewa haya, niagizie salamu kwa manahodha, mtoto anakuulizia.